Kabla ya Sanduku la Kura: Uteuzi wa Wagombea na Kanuni za Bunge, kutoka Mbulu hadi Dodoma

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, ule ulioipa Tanganyika serikali ya madaraka, TANU ilinyakua viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, na aliyekichukua, Herman Sarwatt, alikuwa mwana-TANU vilevile. Chama kilikuwa kimempitisha Chifu Amri Dodo. Sarwatt akasimama bila baraka za chama, na watu wa Mbulu wakampa kura zao.

Vitabu vya historia hukipitia kisa hiki kwa sentensi moja, kama kichekesho pembeni ya ushindi mkubwa. Kinastahili zaidi ya hapo. Katika viti 58 kati ya vile 71 hapakuwa na kura hata moja iliyopigwa, kwa sababu mgombea alikuwa mmoja tu. Aliyeamua nani awe mbunge wa Tanganyika mwaka ule alikuwa mjumbe wa kikao cha TANU, siku jina lilipopitishwa. Mbulu palikuwa mahali adimu ambapo mpiga kura aliulizwa, na alipoulizwa akakikatalia chama alichokipenda mtu kilichomletea. Historia ya ubunge katika Afrika Mashariki, kwa miaka zaidi ya sitini iliyofuata, imezunguka hapo hapo: nani anaruhusiwa kufika kwenye karatasi ya kura, na nani ana uwezo wa kumtoa mbunge kitini baada ya kuchaguliwa. Kanuni za Bunge zenyewe, zile za nani aseme lini na aulize nini, zimefuata nyuma ya mambo hayo mawili.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona tatizo mapema. Katika kijitabu chake cha 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama, alijenga hoja kwamba chama kinachokubalika na karibu nchi nzima kinapomsimamisha mtu mmoja kila jimbo, wananchi wanakosa nafasi ya kumchagua mwakilishi wao. Dawa aliyoipendekeza haikuwa vyama vingi. Januari 1964 aliunda tume chini ya Makamu wa Rais Rashidi Kawawa, nayo ikatakiwa kubuni demokrasia ndani ya chama kimoja. Kama nchi iwe na chama kimoja au la, tume haikuulizwa. Hilo Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imekwisha kulikata mwaka uliotangulia.

Tume ilitoa taarifa yake Machi 1965, Katiba ya Muda ikapitishwa Julai, na Septemba watu wakapiga kura kwa utaratibu ambao hadi leo wazee wanausimulia. Waliotaka ubunge walipita mbele ya mkutano mkuu wa TANU wa wilaya, wajumbe wakawapanga kwa kura, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo. Mara nyingi ilifuata mpangilio wa wajumbe. Wagombea wawili hao, wote wa TANU, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Hawakuruhusiwa kuitisha mikutano yao wenyewe. Walipanda jukwaa moja lililoandaliwa na chama, wakazungumza Kiswahili, na walikatazwa kuingiza kabila, rangi au dini. Hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Nyerere anamuunga mkono. Kura ya urais ilikuwa na picha ya Nyerere upande wa ndiyo na kivuli cheusi upande wa hapana.

Kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu zile alama. Katika nchi ambayo viongozi walihubiri uhuru na kazi, na ambayo karibu kila mtu alikuwa mkulima, wengi waliamini aliyepewa jembe alianza safari akiwa ameshatangulia. Wa nyumba walijitetea majukwaani kwamba hata mwenye jembe jioni hurudi nyumbani.

Matokeo yaliwashtua hata waliobuni utaratibu. Mawaziri wawili walianguka, mmoja wao Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mmoja wa majina makubwa ya ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa. Mawaziri wadogo kadhaa wakaanguka pia. Wakati huo huo Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, akashinda Morogoro dhidi ya mgombea Mwafrika. Msomi Lionel Cliffe alikusanya utafiti wa uchaguzi ule katika kitabu kilichotoka 1967, na wageni wengi wakaondoka wakiisifu Tanzania kwa kupata njia yake. Sifa ile haikuwa ya bure. Kwa mpiga kura wa Mwanza, uchaguzi wa chama kimoja wa 1965 ulimpa uwezo ambao ule wa vyama vingi wa 1960 haukumpa.

Ila Katiba ile ile ya 1965 ilikuwa na kifungu kingine kilichozungumzwa kidogo: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa TANU, ubunge wake umekwisha. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ilikitumia. Wabunge kadhaa waliokuwa wamechaguliwa kwa jembe na nyumba walifukuzwa chama kwa siku moja, na viti vyao vikawa wazi. Miongoni mwao alikuwamo Joseph Kasella-Bantu, mmoja wa walioianzisha TANU mwaka 1954. Oscar Kambona, aliyekuwa tayari uhamishoni, naye alifukuzwa. Mwaka ule wabunge walikuwa wamethubutu kuuliza Bungeni nani mkubwa, Bunge au chama. Wakajibiwa.

Baada ya hapo kanuni za Bunge zilibaki zile zile zilizorithiwa kutoka Westminster, na maswali na majibu, kusomwa mara ya kwanza na ya pili, rungu la Spika na majoho. Zilikosa meno. Wakuu wa mikoa, walioteuliwa na Rais, waliketi humo humo kwa vyeo vyao. Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu wa Bunge miaka ya sitini kabla ya kwenda kuwa mtendaji mkuu wa TANU, na ambaye alirudi kuwa Spika kati ya 1994 na 2005, aliandika kwa kirefu kuhusu safari hiyo ya ukuu wa chama. Ni vigumu kumpata shahidi aliyekaa pande zote mbili kama yeye. Mwaka 1975 ukuu huo ukaandikwa kwenye Katiba yenyewe.

Kenya ilifika karibu na mahali hapo hapo kwa njia ya ukali zaidi. Oginga Odinga alipojitoa katika KANU, chama tawala, mwaka 1966 na kuunda KPU, wabunge wenzake wa mrengo wake wakamfuata. Ndani ya siku chache za mwezi Aprili Katiba ilibadilishwa: anayehama chama kilichompeleka Bungeni arudi kwa wapiga kura. Ukafanyika ule uliokuja kuitwa uchaguzi mkuu mdogo, Juni 1966, kwa viti 29, na KPU ikaambulia tisa. Odinga alirudi kwa kishindo. Bildad Kaggia, mfungwa wa Kapenguria pamoja na Kenyatta, aliangushwa Kandara. Kifungu chenyewe, kikisomwa bila kujua kilitungwa kwa ajili ya nani, ni cha haki kabisa: kura ni ya mwananchi, na anayebadili bendera arudi kumuuliza. Mwaka 1968 kiliongezwa kingine, kwamba asiye na chama asigombee. Mwaka huo huo, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa KPU takriban 1,800 walikataliwa wote kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa sawasawa. Wino wa karani ulifanya kazi ambayo polisi wangeifanya kwa kelele.

KPU ilipopigwa marufuku 1969, mchujo wa KANU ukawa ndio uchaguzi. Kwa muda mchujo huo ulikuwa na ushindani wa kweli, na mawaziri walianguka. Kisha likaja jambo la mlolongo. Mwaka 1986 KANU iliamua kwamba kura ya siri katika mchujo iondolewe, wapiga kura wasimame foleni nyuma ya mgombea wao au picha yake, wahesabiwe vichwa. Atakayepata zaidi ya asilimia 70 apite moja kwa moja hadi Bungeni. Viongozi wa makanisa walipinga mwaka ule ule, wakisema mchungaji atasimamaje hadharani nyuma ya mtu mmoja mbele ya waumini wake, na mwajiriwa atampaje mgongo bosi wake. Hawakusikilizwa.

Wakenya waliokuwa watu wazima Februari 1988 hawahitaji kuelezwa yaliyofuata. Foleni fupi zilizishinda ndefu mchana kweupe. Hesabu ilipokwisha kutangazwa hapakuwa na karatasi za kuhesabu upya, maana ushahidi wenyewe ulikuwa umeshatawanyika kwenda nyumbani. Maaskofu Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge walilisema hilo mimbarini, na Kenneth Matiba akajiuzulu uwaziri Desemba 1988 baada ya uchaguzi wa ndani wa KANU huko Murang'a. Inasemwa mara nyingi kwamba vyama vingi vilirudi Kenya kwa sababu ya ukuta wa Berlin na shinikizo la wafadhili. Mlolongo ulifanya zaidi. Uliwaingiza barabarani watu wa KANU wenyewe, wale ambao chama kilikuwa kimewanyima hata ushindi wa ndani. Kamati ya George Saitoti ilipozunguka nchi 1990 ilikutana na hasira hiyo kila mahali. Desemba mwaka huo wajumbe waliokutana Kasarani wakaufuta mlolongo na asilimia 70 yake. Desemba 1991, Kasarani tena, wakakubali kifungu 2A cha Katiba, kile cha chama kimoja, kiondolewe.

Upande wa Tanzania mlango wa vyama vingi ulifunguliwa kwa utulivu, kwa kupitia Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, na Julai 1992 sheria mpya ikaanza kutumika. Lakini marekebisho ya Katiba ya mwaka huo yalibeba sharti kwamba mgombea wa udiwani, ubunge au urais lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Wakati wa chama kimoja sharti hilo lilikuwa na mantiki yake ya ndani. Katika nchi iliyotangaza uhuru wa kujiunga na chama au kutojiunga, lilikaa vibaya.

Mchungaji Christopher Mtikila aliliona, na alikuwa na sababu binafsi ya kuliona: chama chake, DP, kilinyimwa usajili, hivyo hakuwa na mlango wa kupitia. Alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Muswada wa kuizima hukumu hiyo ulikuwa tayari mezani, na Desemba mwaka huo Bunge likapitisha marekebisho ya kumi na moja ya Katiba. Serikali haikuhangaika sana na rufaa. Ilikuwa imebadilisha maandishi ambayo jaji aliyasoma.

Mtikila alisubiri zaidi ya miaka kumi akarudi. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu Dar es Salaam wakampa ushindi wa pili. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakaupindua: suala hili, walisema, ni la kisiasa na ni la Bunge kuamua. Mtikila, akiungana na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, akavuka hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika. Ilikuwa hukumu yake ya kwanza kabisa kutolewa baada ya kusikiliza kiini cha shauri. Ramadhani alikuwa ameshakuwa jaji wa mahakama hiyo, na hakuketi kwenye kesi ya nchi yake.

Miaka miwili baadaye Ramadhani huyo huyo alikuwa miongoni mwa makada waliochukua fomu za kuomba CCM, mrithi wa TANU, iwapitishe kugombea urais. Jina lake halikufika kwenye tano bora. La Edward Lowassa nalo lilikatwa mapema, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya mgombea binafsi, Lowassa alitafuta chama kingine ndani ya wiki chache, akakipata CHADEMA. Mtikila alikufa kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi.

Ndani ya Bunge lenyewe mambo yalikuwa yameanza kuchangamka. Samuel Sitta alipokuwa Spika mwaka 2005 alikuja na kaulimbiu ya kasi na viwango, na Kanuni za Kudumu za mwaka 2007 zikawa na mambo mapya. Alhamisi asubuhi Waziri Mkuu aliulizwa maswali ya papo kwa papo, bila kuletewa kwanza kwa maandishi. Uenyekiti wa kamati za hesabu ukaenda kwa wapinzani, na Zitto Kabwe akapata nafasi ya kuwabana wakurugenzi wa mashirika ya umma. Februari 2008 kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Watu walisimama madukani na vituo vya daladala kusikiliza redio. Haijatokea mara nyingi katika nchi hii kikao cha Bunge kikashindana na mpira.

Kilichomkuta Sitta baadaye ndicho kinachoonyesha mpaka wa mageuzi ya kanuni. Agosti 2009 Halmashauri Kuu ya CCM ilimkalia kikao kikali mjini Dodoma, na magazeti yakaandika kwamba wapo waliotaka anyang'anywe kadi. Novemba 2010 Kamati Kuu ikaamua kwamba safari hii uspika uende kwa mwanamke, ikapendekeza majina matatu ya wanawake, na Anne Makinda akachaguliwa. Kuwa na Spika mwanamke wa kwanza lilikuwa jambo jema, na ni kwa sababu hiyo mbinu ilikuwa nzuri. Hakuna kifungu cha kanuni kilichofutwa. Aliyezitia uhai aliondolewa kwenye orodha ya majina, basi.

Hata hivyo kanuni zenye nguvu huacha mazoea nyuma. Aprili 2012 Zitto alizungusha karatasi Bungeni akitafuta saini za asilimia 20 ya wabunge, idadi inayotakiwa ili kuwasilisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Saini zaidi ya 70 zilipatikana, na mmoja wa waliotia saini alikuwa Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM. Hoja haikufika mezani kwa kuwa muda wa taarifa ya siku kumi na nne haukutosha, lakini baraza la mawaziri lilipanguliwa ndani ya mwezi. Lakini mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, na wabunge wa upinzani waliopinga wakatolewa ukumbini na polisi.

Kura za maoni za CCM, yaani mchujo wake wa ndani, zina hadithi yake, na ni ya pesa. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wake, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaingiza mkono hadi ndani ya mchujo wa vyama. Mwaka huo huo CCM iliwaachia wanachama wote wenye kadi wapige kura za maoni, kwa hesabu kwamba kununua maelfu ni kazi kuliko kununua mamia. Wabunge wengi walianguka. Mwaka 2020 uamuzi ukarudi kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo, kura zikahesabiwa mbele ya watu, na waheshimiwa wakongwe wakatoka na kura za kuhesabika kwa vidole vya mkono. Ndipo mitaani ukazuka msemo kwamba wajumbe si watu. Vikao vya juu navyo vilibaki na kalamu. Katika majimbo kadhaa aliyeongoza hakuwa aliyepitishwa.

Na lile neno la 1968, la kadi na kiti, halijaenda popote. Ibara ya 71 ya Katiba inasema vilevile. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalum wa chama cha upinzani cha CUF walifukuzwa na upande wa Profesa Ibrahim Lipumba, na Spika Job Ndugai akapokea barua na kutangaza mara moja kwamba viti vyao viko wazi. Novemba 2020 wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa na Spika huyo huyo. Siku tatu baadaye Kamati Kuu ya chama chao ikawafukuza ikisema haikuwateua. Safari hii wakabaki, shauri likaenda mahakamani, na wakaendelea kuketi Bungeni miaka iliyofuata. Kifungu ni kimoja, Spika ni mmoja. Kati ya kesi hizo mbili wapo pia wapinzani waliojiuzulu ubunge kwa maelezo ya kuunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, kama Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha, wakapewa tiketi ya CCM na kurudi majimboni mwao kupitia uchaguzi mdogo wa Februari 2018. Sheria iliyotungwa Nairobi kuwaadhibu wahamaji ilikuwa imepata binamu Dodoma anayewapokea kwa mikono miwili.

Wakenya, kwa upande wao, walifungua njia ya pembeni. Katiba ya 2010 inaruhusu mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mchujo wa Aprili 2017 ulipovurugika hadi Jubilee ikaufuta ule wa siku ya kwanza, maelfu ya walioshindwa walijiandikisha kugombea wenyewe katika ngazi mbalimbali, na zaidi ya kumi wakafika Bunge la Taifa. Si wengi. Vyama havikufa, kinyume na hofu iliyotolewa Dodoma kila hoja hii ilipozuka.

Tanzania ilikaribia kufika hapo. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, Desemba 2013, ilipendekeza mgombea huru, ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge, haki ya wapiga kura kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda, na mawaziri wasiotoka Bungeni. Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Februari 2014 lilitumia wiki zake za kwanza kugombania kanuni, hasa kama kura ziwe za siri au za wazi. Wapinzani walitaka za siri ili wajumbe wa CCM wasiogope chama chao. CCM ilitaka za wazi kwa sababu hiyo hiyo. Suluhu ikawa kila mjumbe achague mwenyewe. Mwenyekiti wao alikuwa Samuel Sitta, aliyerudi kwenye kiti cha mbele kwa ridhaa ya chama kilichomwondoa. Kundi la wapinzani lililojiita UKAWA lilitoka Aprili. Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila ukomo wa ubunge na bila haki ya kumrudisha mbunge, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, haikufanyika. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imefuta kupita bila kupingwa: mgombea akibaki peke yake, sasa anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ili awe mgombea bado anahitaji chama.